Ndoo ya Kijani

Leo nimeandika barua ya kuhama.
Mistari minne, kwa mkono, kwa kalamu ya bure ya benki.
Nimeandika "Chumba 614", nikakikata,
nikaandika tena, kana kwamba namba ingebadilika.

Miaka kumi na tisa, Winnipeg hii.
Nilipoingia, Ambakisye alikuwa mgongoni,
na Bwana Hrynchuk, msimamizi, alinipa ufunguo
wenye uzi mwekundu, nisiuchanganye na wa sanduku la barua.
Hakuwa na maneno mengi mzee yule.
Kiingereza chake na changu vilipishana
kama watu wawili wenye mizigo kwenye korido nyembamba.
Lakini hita ikigoma saa nane za usiku,
saa nane na robo utasikia viatu vyake,
utasikia spana ikigonga bomba, mara tatu,
na joto likija, likikohoa.

Alfajiri ngazi zilikuwa na chumvi tayari.
Sikuwahi kumwona akiinyunyiza.
Nilidhani ngazi za nchi hii huzaliwa na chumvi.

Kisha jengo likauzwa.
Hrynchuk akapewa keki na bahasha,
ofisi yake ikatiwa kufuli la tarakimu.
Sasa tuna simu. Bonyeza moja. Bonyeza nne.
Muziki. Sauti ya mwanamke asiyevuta pumzi
inaniambia mimi ni mtu muhimu sana.

Lifti ilikufa Novemba. Mpanda ngazi hushuka, sawa,
lakini Bi Remedios wa 609, mwenye goti la bandia,
hakushuka mpaka Machi. Tulimpelekea maziwa,
akatupa tambi, na umbea wa ghorofa nzima.
Nikanunua chumvi mwenyewe, mfuko wa kilo kumi,
nikanyunyiza nikitoka zamu ya usiku.
Ikaja barua: wapangaji hawaruhusiwi
kumwaga kitu chochote kwenye ngazi.
Siku mbili tu baada ya chumvi.
Kumbe wanajua kufika.

Mama, kwenye simu kutoka Tukuyu:
"Mstahimilivu hula mbivu, mwanangu."
Mama, mbivu ni dari.
Imeiva mpaka inadondoka.

Chini yake ndoo ya kijani, kona ya sebule.
Mwaka wa kwanza niliimwaga kwa hasira.
Mwaka wa pili nilimwagilia maua.
Mwaka wa tatu sikumbuki. Nadhani niliimwaga tu.

Basi si lifti iliyonitoa. Si baridi.
Ni Tusekile, wa miaka saba, aliyechora kwetu
kwa kazi ya shule: dirisha, mimi,
kaka yake mrefu kuliko mlango,
na kwenye kona, ndoo.
Aliichora taratibu, ulimi nje. Akaipa macho.
"Huyu naye anakaa kwetu," akasema.

Nilicheka. Nikaenda jikoni,
nikafungulia maji mpaka mwisho
nisisikike.

Tumepata pa kwenda, ng'ambo ya mto:
vyumba vidogo zaidi, kodi kubwa zaidi,
na mlangoni mwanamke mwenye rangi ya ukuta kwenye kucha,
aliyeniuliza jina, akalirudia mpaka akalipata.
Huenda na hilo jengo litauzwa. Najua.

Nitapiga deki sakafu ya watu wasioijua.
Alama za penseli kwenye fremu ya mlango,
kimo cha Ambakisye mwaka baada ya mwaka,
nitaziacha. Wenyewe waje wazipake rangi.
Nimepiga simu kuuliza ufunguo nimkabidhi nani.
Bonyeza tatu. Utumbukize kisandukuni.

Nitautumbukiza.
Uzi nimeshaufungua, umepauka, mwekundu kwa anayejua tu.

"Na ndoo?" anauliza Tusekile, ameshika mpini.
Ndoo tutaijaza sahani, tutaifunika taulo,
itakaa mbele ya lori, mapajani mwake.
Na tone litakaloanguka baada yetu
litaikuta sakafu tupu.
Nalo libonyeze nne. Lisubiri.